Mdogo wako haongei? Muulize kinyozi

*Mimi ni msusi, nina miaka 29, naishi Kariobangi South na mdogo wangu wa kiume aliye Gredi ya 9. Baba alifariki, mama yuko nyumbani Vihiga na afya yake si nzuri. Tangu kijana huyu aje Nairobi akiwa Gredi ya 4, karo, chakula, sare na viatu ni juu yangu. Saluni ikikosa wateja tunakopa dukani.*

*Sasa anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo wa sekondari pevu. Mimi nimesema STEM, kwa sababu kazi ziko huko. Nataka awe daktari, ikishindikana awe mfamasia. Yeye kwenye fomu ya majaribio aliandika Sayansi za Jamii, eti Historia, Jiografia na Fasihi. Nilipomuuliza sababu, alinyamaza. Ni mtu wa kunyamaza sana. Hata mwalimu alipotuita shuleni, maswali yote niliyajibu mimi, yeye alikuwa akikunja kona ya fomu tu.*

*Tatizo lingine, jioni hakai na vitabu. Anashinda kwa kinyozi aliye chini ya ploti yetu, anabishana na wanaume wazima mambo ya Bunge, ushuru na bajeti mpaka saa tatu usiku. Nimemkanya mpaka nimechoka.*

*Nisaidie: ni masomo gani matatu ya STEM yatakayomfaa, na nitamwachisha vipi tabia hiyo ya kinyozi?*

*Dada Mkubwa, Kariobangi South*

Mwanangu, nimeipunguza sana barua yako, lakini kuna sentensi mbili ambazo nimeziacha kama ulivyoziandika, kwa sababu zinagombana. Moja inasema mdogo wako ni mtu wa kunyamaza. Nyingine inasema anabishana na wanaume wazima mpaka saa tatu usiku. Kijana wa Gredi ya 9 anayeweza kusimama katikati ya watu waliomzidi umri mara mbili, mmoja yuko kwenye kiti kichwa kimenyolewa nusu, akawaeleza ushuru fulani unamuumiza nani na kwa nini, huyo maneno anayo tele. Ila akipanda ngazi na kufika mlangoni kwako, maneno yote yanabaki chini.

Kwa hivyo swali la masomo matatu nitaliweka kando kwanza. Tuulizane kwa nini kijana huyu anaongea kwa kinyozi na haongei nyumbani.

Wewe mwenyewe umenijibu bila kukusudia. Mwalimu aliwaita wote wawili, akauliza maswali, na yote ukayajibu wewe. Anapenda somo gani? Dada amejibu. Angependa kuwa nani? Dada amejibu. Kijana akabaki na kona ya karatasi. Unisamehe kwa ukali, lakini hapo ulikosea sana. Ulikwenda kumsaidia, ukamfunga mdomo mbele ya mtu ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kumsikiliza. Huwezi tena kuniambia kwamba hasemi. Siku aliyopewa nafasi ya kusema, nafasi hiyo uliichukua wewe.

Najua jibu lako, kwa sababu limejaa katika barua nzima: mimi ndiye ninayelipa.

Jambo hili la anayelipa karo nina msimamo nalo wa siku nyingi. Huku Eastlands, kuanzia Dandora hadi Donholm, watoto wengi hawasomeshwi na wazazi wao. Wanasomeshwa na dada anayesuka nywele, na kaka aliye makanga wa matatu, na mjomba mwenye kibanda cha mitumba Gikomba, na shangazi anayefulia watu nguo Buruburu. Watu hawa wameahirisha ndoa, wamevumilia nyumba ya chumba kimoja, wameacha kozi walizotaka kusoma ili mdogo wao apate kiatu cha shule. Hakuna anayewashukuru hadharani. Mimi ninawaheshimu, na wewe ninakuheshimu. Umekuwa baba na mama kwake tangu akiwa Gredi ya 4, na kijana amefika Gredi ya 9 akiwa amevaa na amekula. Hilo si jambo dogo.

Sasa nisikilize. Anayelipa karo ana haki zake. Anastahili shukrani. Anastahili kuonyeshwa ripoti ya shule bila kudanganywa. Anastahili mtoto arudi nyumbani kwa wakati, aoshe vyombo, asimjibu kwa jeuri. Lakini hana haki ya kuamua kijana ataamka kila asubuhi kwa miaka arobaini ijayo akafanye kazi gani. Hapo risiti ya karo haifiki. Ukimlipia mtu umemsaidia, na msaada ukigeuka kuwa hati ya kummiliki, heri ungemwambia mapema ili ajue bei.

Na mtoto anayelelewa na asiye mzazi wake analijua deni hilo kuliko unavyodhani. Mtoto aliye kwa mama yake atakataa, atalia, atafunga mlango kwa kishindo, na kesho mama atabaki kuwa mama. Wako anapima kila neno. Anakuona ukirudi vidole vimekufa ganzi kwa kusuka kutwa. Alikuwepo ulipokuwa ukiomba unga kwa mkopo. Huyo atakuambia usoni kwamba ndoto unayoigharamia kwa jasho si yake? Kwake, kukubishia ni utovu wa shukrani, kwa hivyo anatulia, anakunja karatasi, halafu jioni anashuka kwa watu ambao hana deni nao. Kinyozi hajawahi kumnunulia sare. Ndiyo maana pale anaweza kusema, "Hapana, sikubaliani nawe."

Nikuulize, na ujijibu wewe mwenyewe: mkigombana, huwa unamtajia gharama? Viatu vya muhula uliopita, pesa ya safari ya shule? Kama huwa unataja, acha leo. Ukiacha, huenda ukasikia sauti yake kabla mwezi haujaisha.

Sasa tuje kwenye hiyo STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Sikushangai kwa kudhani kwamba kwingine ni kwa walioshindwa, maana serikali yenyewe imepanga asilimia 60 ya wanafunzi wa sekondari pevu wawe STEM, 25 wawe Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza la mfumo huu, lililofanya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, mwaka 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026, lilipitia msukumo huo huo nyumbani. Lakini huo ni mpango wa nchi nzima na haumjui mdogo wako. STEM inamfaa mtoto anayeisoma Baiolojia bila kusukumwa na anayekaa na swali gumu la Fizikia mpaka alimalize. Wako, kwa ushahidi wako mwenyewe, anakaa na bajeti.

Na hiyo hoja ya kazi tuitazame vizuri. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya sababu kubwa ilikuwa madaktari wanagenzi: vijana waliomaliza chuo wakawa wanangoja kupangiwa vituo, huku malipo yao yakizozaniwa. Hao ndio watoto waliokuwa wakiongoza darasa. Nchi inawahitaji madaktari na ninawaombea wengi zaidi, lakini aliyeupenda udaktari ndiye mwenye nguvu za kuvumilia mambo kama hayo. Ukimsukuma mtoto huko kwa sababu tu umesikia kazi ipo, anaweza kufika kwenye foleni hiyo hiyo, tena akingoja kitu ambacho hata hakitaki.

Pengine unaogopa kwamba Sayansi za Jamii ni mahali pa kukimbilia hesabu. Sivyo. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliamua kwamba Hisabati itabaki somo la lazima katika mikondo yote mitatu, pamoja na Kiingereza, na Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya. Wa STEM wanasoma Hisabati kamili, wengine wanasoma iliyopunguzwa. Juu ya hayo ndipo mwanafunzi anachagua masomo yake matatu.

Na hapa ninataka umbane yeye sasa, maana kupenda ubishi peke yake hakutoshi. Anayefurahia kuchambua ushuru anaweza kuishia kwenye sheria, uanahabari, uhasibu au uchumi. Sheria itamdai lugha iliyonyooka. Uchumi utamdai hesabu, na hesabu iliyopunguzwa huenda isimfikishe. Basi aende kwa mwalimu aulize kama shule anazozitaka zinamruhusu mtu wa Sayansi za Jamii kuchukua Hisabati kamili. Ajieleze pia kwa nini ameandika Fasihi na ameacha Masomo ya Biashara. Huenda ana sababu nzuri. Huenda aliandika kwa sababu rafiki yake wa dawati aliandika hivyo. Hilo ndilo swali la mlezi, na linataka jibu kutoka kinywani mwake. Chunguzeni pia kila shule inafundisha nini. Awe anatamani Ofafa Jericho hapo karibu au shule ya bweni ya mbali, mchanganyiko wa masomo anaoutaka usipokuwepo huko, mtakuwa mmechagua jina la shule tu.



Kuhusu kinyozi, usimwachishe. Saa tatu ya usiku ni kuchelewa kwa mtoto wa Gredi ya 9, na hapo ninakuunga mkono: saa moja na nusu awe ndani, hata kama hoja yake haijaisha. Lakini mazungumzo yale usiyadharau. Mitaa hii yetu imelea watu waliofanya kazi kwa maneno yao. Katika ukumbi wa Kaloleni watu walikuwa wakikutana kujadili siasa zama za ukoloni. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi kabla ya kuanza kuwasemea wafanyakazi wenzake, na kufikia mwaka 1957 alikuwa amechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Si kila anayebishana kwa kinyozi atakuwa Mboya. Lakini anayejua kubishana kwa hoja ana kipawa, na kipawa kisicholishwa vitabu kinageuka kuwa porojo. Kwa hivyo mpe vitabu. Maktaba ya Kaloleni na ile ya Eastlands pale Makadara zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk, na mtoto anaweza kukaa humo akasoma kwa utulivu ambao chumba chenu hakina.

Kabla ya hayo, fanya jambo moja ambalo litakuwa gumu kwako. Jioni moja funga kazi mapema, shuka, ukae kwenye benchi la kinyozi. Usikae kama askari. Mwambie kinyozi umekuja kupumzika. Sikiliza mdogo wako anavyoongea na watu wanavyomjibu, na akiondoka muulize kinyozi kijana huyu huzungumzia nini zaidi. Ninaamini mtu huyo anajua mambo ya mtoto wako ambayo wewe huyajui, na hilo likuume kidogo.

Kisha, jioni nyingine mkiwa wawili tu, muulize: akimaliza Gredi ya 12 angependa kazi gani, na kwa nini. Ukishauliza, endelea kukata sukuma wiki. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usimjazie. Usimpe mifano ya madaktari. Akisema neno moja, pokea hilo moja, hata kama si ulilolitaka.

Nimeona pia kwamba katika barua nzima hakuna mahali ulipoandika wewe ulitaka kusoma nini. Nahisi hakuna aliyekuuliza. Pesa ilihitajika nyumbani, ukaingia saluni, ukaanza kutuma. Kwa hivyo ninaelewa hofu yako ya kumwachia kijana achague halafu akose. Mtu aliyebeba familia peke yake anatafuta uhakika popote, na STEM imekuja na sauti ya uhakika. Hofu hiyo mwambie. Mwambie kwa maneno hayo hayo, kwamba unaogopa, bila kuifunika kwa amri. Ataielewa kuliko unavyofikiri, maana naye anaogopa kukuangusha.

Halafu rudini shuleni. Omba mwalimu awape kikao kingine kabla muda wa kuchagua haujakwisha, na mfike na ripoti zake zote. Mwalimu akiuliza kuhusu masomo, kijana ndiye atakayejibu, hata ikimchukua dakika nzima kuanza. Wewe uliza kuhusu karo, bweni na nauli, maana hayo yanakuhusu na unayajua kuliko wote. Na kama baada ya haya yote atasema anataka Baiolojia, Kemia na Fizikia, na akakueleza sababu, basi jazeni STEM siku hiyo hiyo.