Mama Mwenye Mimba, Kidonge cha Damu ni cha Kumeza

Kijitabu hiki ni cha kila nyumba ya mitaa ya Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na cha vijiji vya kando ya mto Lwalaba. Kisomeni pamoja: mama, baba na mama mkwe.

NENO LA KWANZA

Sisi wahudumu wa afya tumechoka kupokea mama aliyechelewa. Viganja vyeupe, pumzi fupi, hawezi kutoka mlangoni hadi kitandani bila kushikwa mkono. Tukiuliza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa CPN, yaani kliniki ya wajawazito, jibu ni lile lile: viko nyumbani, sandukuni, ndani ya sashe. Mama mwenye upungufu wa damu akitokwa na damu wakati wa kuzaa, hata ile ambayo mwenzake angeivumilia, anaweza kufa. Kidonge cha damu ni cha kumeza, kila siku.

UCHOVU WA KAWAIDA

Miezi 3 ya kwanza mwili unalegea na usingizi unakuja mchana. Katikati ya mimba nguvu hurudi. Miezi ya mwisho tumbo linalemea na usiku unakatikakatika. Uchovu huu hupungua mama akipumzika. Asiitwe mvivu.

UCHOVU WA KUPELEKWA KITUO CHA AFYA LEO

- Umelala usiku kucha, umeamka umechoka vilevile.
- Unahema hata ukiwa umekaa, au moyo unakwenda mbio.
- Kizunguzungu, macho yanaingia giza ukisimama.
- Viganja, ulimi au ndani ya kope vimekuwa vyeupe.
- Unatamani kula udongo. Usiule: unazuia nguvu ya kidonge na unaweza kuleta minyoo.
- Homa, hata ndogo. Malaria inakula damu ya mama na kumdhoofisha mtoto tumboni.

Usiende kutundikiwa serumu ya nguvu wala kuchomwa sindano bila kupimwa. Serumu haijazi damu.

KIDONGE CHA DAMU

Meza kimoja kila siku, kama ulivyoelekezwa CPN. Chagua saa moja usiyoisahau. Wengi huona afadhali usiku kabla ya kulala.

Choo kitakuwa cheusi. Ni kidonge, si ugonjwa. Usiache.

Kichefuchefu kikikusumbua, meza baada ya kula kidogo. Usiache.

Choo kikiwa kigumu, kunywa maji mengi, kula papai na mboga. Usiache.

Ukiambiwa kwamba kidonge kinamfanya mtoto awe mkubwa mpaka ashindwe kutoka, si kweli. Usiache.

Usikimeze pamoja na chai wala kahawa, vinakipunguzia nguvu. Subiri muda wa saa 1 au 2. Maji yenye ndimu yanakisaidia.

Ukisahau jana, leo meza kimoja tu, usimeze viwili. Vikikaribia kwisha, rudi kuchukua vingine. Ukishazaa, endelea kwa muda utakaoambiwa.

Weka vidonge juu, mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa. Mkimbize hospitali hata kama anacheza.

CHANDARUA

Kwa sababu ya malaria, lala ndani ya chandarua kila usiku, mvua au kiangazi.

CPN

Nenda mara unapojua una mimba, usingoje tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonwe angalau mara 8 kabla ya kuzaa. Huko CPN utapimwa damu na kupewa dawa ya minyoo wakati wake. Kuanzia mwezi wa 4 utapewa pia dawa ya kukinga malaria, angalau mara 3, kila moja mwezi au zaidi baada ya nyingine. Kama unatumia dawa nyingine, mwambie muuguzi kwanza. Na kila ukitoka, uwe na vidonge vya damu mkononi.

CHAKULA

Bukari peke yake au wali mtupu havitoshi. Tia sombe, lengalenga, maharagwe, karanga, viwavi, yai, samaki wa Lwalaba hata wadogo. Mboga ikiandamana na samaki au nyama kidogo, pamoja na ndimu au chungwa, inajenga damu zaidi. Ukikatazwa mayai au samaki kwa sababu ya mimba, muulize mkunga kabla ya kutii. Lotoko na pombe nyingine zote, hapana.

Chakula kizuri hakichukui nafasi ya kidonge. Kula, na kidonge ukimeze.

BABA NA MAMA MKWE

Bidoni ya lita 20 ni kilo 20: baba aibebe, au vijana wa nyumba. Muhogo wa shambani pia. Mama alale mchana japo kidogo, miguu juu. Miezi ya mwisho alale ubavu. Sahani yake isiwe ya mwisho. Na kila jioni mtu mmoja amuulize: umemeza?

USINGOJE ASUBUHI

Damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, kuzimia, mtoto kuacha kucheza: nenda hospitali sasa hivi. Kwa hiyo wekeni fedha kidogo kidogo tangu sasa, na mjue pikipiki ya nani itamchukua. Anayelazimika kuvuka mto azungumze mapema na mwenye mtumbwi, maana usiku ni vigumu kumpata.

NENO LA MWISHO

Mama, fungua sanduku, toa ile sashe. Kidonge cha damu ni cha kumeza. Meza leo, meza na kesho.