Jumatano: Talanta Kwenye Mizani

Soma Mathayo 25:14–30 na Amosi 8:4–6. Watumwa wawili waaminifu walifanya nini na mali ya bwana wao? Wafanyabiashara wa siku za Amosi walitumiaje ujuzi wao?

Tunaposikia neno “talanta,” wengi wetu hufikiria uimbaji, mahubiri au uongozi kanisani. Lakini kwa watu waliomsikiliza Yesu, talanta ilikuwa kipimo cha uzito, na pia fedha yenye uzito huo. Talanta moja ilikuwa na thamani ya dinari 6,000 hivi. Kibarua alilipwa dinari moja kwa siku (Mathayo 20:2). Kwa kufanya kazi siku sita kila juma, ingemchukua karibu miaka 20 kuipata. Hata yule aliyepewa moja hakupewa kidogo.

Tena, wale wawili waliongeza talanta zao kwa kufanya biashara (fungu la 16). Uwezo wa kununua na kuuza, kuhesabu na kupima, nao ni amana kutoka kwa Mungu.

Amana hiyo hujaribiwa wakati wa mavuno. Tumfikirie muumini anayenunua mpunga Milepa, katika Bonde la Ziwa Rukwa. Wenzake wanadai lumbesa: gunia lililojazwa kupita kiasi, lakini likalipwa bei ya gunia la kawaida. Kanuni za vipimo za Tanzania haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo, mjane mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kusubiri mnunuzi mwingine. Muumini akinunua kwa kilo, atalipa zaidi ya wenzake, na huko Sumbawanga mjini bei ya kuuzia ni ileile. Afanye nini?

Biblia haifichi gharama hiyo. Zaburi 15:4 inamtaja mtu anayeshika neno lake hata linapomletea hasara. Nao watu wa siku za Amosi hawakufungua maduka yao siku ya Sabato. Waliingoja iishe, huku mioyoni wakipanga kupunguza kipimo na kuongeza bei. Siku waliitunza, jirani hawakumtunza. Karama waliyopewa iligeuzwa kuwa silaha dhidi ya maskini.

Kuna hatari nyingine iliyo kimya zaidi. Ndugu anayejua kusoma mizani anamwona mama yule akipunjwa, naye ananyamaza ili asigombane na wanunuzi. Hajaiba kitu, lakini ameifukia talanta yake. Mtumwa wa tatu naye alisema kwamba aliogopa (fungu la 25). Ndugu huyu hahitaji kuchaguliwa na baraza la kanisa ili atumike. Anaweza kusimama kando ya mama siku ya kuuza, akasoma uzito kwa sauti na kuuandika.

Mtumwa yule alimdhania bwana wake kuwa mtu mgumu, na dhana hiyo ikamfunga mikono. Sisi tunamjua Bwana aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu (2 Wakorintho 8:9). Hatupimi kwa haki ili atupende. Ametupenda kwanza, na kwa sababu hiyo tunaweza kukubali faida iliyo ndogo bila hofu.

Je, jua linapotua mwishoni mwa Sabato, mizani yako inathibitisha ibada yako au inaikanusha?

Maswali ya Kujadili

1. Una ujuzi gani wa kila siku ambao hujawahi kuuhesabu kuwa karama? Ni nani jirani anayeuhitaji juma hili?

2. Mshiriki akipata hasara kwa kukataa lumbesa, kanisa limsaidieje kwa vitendo, mbali na kumpongeza?