SOMO: SEVA YA BARUA PEPE, KUITUNZA OFISINI AU KUIKODI?

Barua za chama cha ushirika ni mali ya wanachama, sawa na daftari la hesabu. Chama kinachotumia barua pepe hakina budi kuamua mahali zitakapohifadhiwa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwa na seva, yaani kompyuta maalumu ya kupokea na kutunza barua, katika ofisi ya chama. Ya pili ni kukodi huduma kwa kampuni yenye seva zake mbali na kuifikia kwa intaneti. Huduma hiyo huitwa wingu.

Mwenye seva yake hutawala barua zake, lakini ni wajibu wake kuweka marekebisho ya programu kila yatolewapo. Tarehe 2 Machi 2021 kampuni ya Microsoft ilitangaza kasoro nne za programu ya Exchange Server, zilizokwisha kutumiwa na wavamizi, ikatoa marekebisho. Maelfu ya seva duniani zilivamiwa. Exchange Online, huduma ya wingu ya kampuni hiyo, haikuguswa na kasoro hizo. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida kwa matoleo ya 2016 na 2019 ilikoma. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, wingu si kinga ya kila balaa. Mwaka 2023 wavamizi waliingia katika barua za asasi zipatazo 25 zilizokuwamo katika wingu hilohilo, zikiwemo ofisi za Serikali ya Marekani. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Wingu halifikiki bila intaneti.

Basi kamati isitangulize bei. Iulize kwanza: nani atakayeweka marekebisho siku yanapotolewa? Chama chenye fundi, umeme wa kutegemewa na nakala za akiba chaweza kutunza seva. Kisicho na fundi, heri kikodi. Kwa njia yoyote, mkataba uandikwe kwa jina la chama, wala si la katibu, ili katibu akiondoka barua zibaki.

Maswali ya kujadili:
1. Nani katika chama chenu anayeweka marekebisho ya programu?
2. Nakala za akiba zinatunzwa wapi?
3. Katibu akiondoka leo, nani ataweza kuzifungua barua za chama?