SHA: Maisha Yakibadilika, Sahihisha Taarifa Zako

Ulijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024? Basi jiulize: je, taarifa ulizotoa siku ile bado ni za kweli? Huenda umeoa, umepata mtoto, umeacha kazi au umebadilisha laini ya simu. Mtandao haujui hayo mpaka uambiwe.

Tuchukue mfano wa kijana wa Kochia aliyekuwa na ajira Kisumu kwa mshahara wa Sh30,000. Mwajiri alikata asilimia 2.75, yaani Sh825, kila mwezi. Mkataba ukaisha, akarudi nyumbani kulima mahindi na njugu. Makato yamekoma, lakini yeye anadhani bado amelipiwa. Akiugua na kulazwa katika hospitali ya Level 4, ndipo atakapogundua kuwa mchango wake haujalipwa.

Alipaswa kufanya nini? Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha mfumo hukadiria mapato na mchango wake. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima: Sh3,600. Kwa kuwa pesa za mkulima huja na mavuno, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa mchango wa mwaka na kuurudisha kidogo kidogo.

Sahihisha taarifa zako mara tu:
• unapopata au kupoteza kazi;
• unapooa au kuolewa;
• unapopata mtoto. Mwandikishe kama mtegemezi wako;
• mtoto wako anapofika miaka 25 au kuanza kujitegemea. Hapo anajisajili mwenyewe;
• unapobadilisha nambari ya simu, kwani nambari ya siri ya kukutambulisha hutumwa huko.

Kwa simu yoyote, hata ya kabambe, piga *147#, huhitaji intaneti. Mwenye simu ya kisasa anaweza kutumia tovuti ya Afya Yangu. Usiyeweza yote mawili, nenda kituo cha afya kilicho karibu au Huduma Centre mjini Homa Bay, ukiwa na kitambulisho.

Kumbuka pia kuwa matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hayahitaji mchango, mradi umesajiliwa.

Hili ni funzo kwetu sisi watoa huduma pia. Fomu inayojazwa mara moja na kufungwa humhudumia mtu wa jana. Huduma bora humwachia mwananchi mlango wa kurudi na kusema, "Hali yangu imebadilika."

Usingoje kuugua. Uwe Kagan, Kochia, Gem Mashariki au Gem Magharibi, hakikisha taarifa zako wiki hii, na umsaidie mzee jirani yako kuhakikisha zake.