Kabla ya Kutuma Somo: Namna ya Kupanga Mafundisho ya Mtandaoni



Shule zilipofungwa nchini kuanzia Machi hadi Juni 2020 kwa sababu ya korona, walimu wengi walijikuta wakifundisha kwa simu. Shule zilifunguliwa, lakini mazoea hayo yamebaki. Leo kuna makundi ya WhatsApp ya madarasa, ya makatekista na ya walimu wa dini. Notsi hupigwa picha, video hurushwa, na mwalimu huhesabu kwamba amefundisha. Katika somo hili tunajiuliza: somo likishatumwa, je, limefundishwa? Tutaangalia mifano miwili ya Tanzania, kisha tutoe utaratibu unaofaa mazingira yetu ya Kwa Sadala.

1. Vishikwambi vya Tanga

Kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE. Watoto wengi kati yao hawakuwa wamewahi kwenda shule. Hakukuwa na mwalimu. Kijijini kulikuwa na kituo cha sola cha kuchajia na mama wa kukisimamia.

Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Tusome matokeo haya pande zote mbili. Programu iliyopangwa vizuri, kwa lugha ya mtoto na kwa hatua fupi fupi, inaweza kumfikisha mbali asiye na mwalimu. Hata hivyo, karibu nusu ya watoto walimaliza miezi 15 bila kuweza kusoma neno. Kifaa kilikuwa mkononi mwao, umeme ulikuwepo, na somo lilikuwemo. Bado walihitaji mtu.

2. Redio ya 1973

Mfano wa pili ni wa zamani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio, ambayo haimsikii mwanafunzi wala haimjibu. Hata hivyo, takriban watu milioni 2 walishiriki.

Siri ilikuwa katika mpango. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kabla ya matangazo kuanza. Kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasoma kitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Kila somo liliishia kwenye kazi inayoonekana kwa macho.

3. Umbali ni nini?

Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alifundisha kwamba umbali unaodhuru masomo haupimwi kwa kilomita. Ni pengo la kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi, na hupungua pale wanapozungumza. Ndiyo maana mwanafunzi wa dawati la nyuma anaweza kuwa mbali na mwalimu kuliko aliyeko Masama akipokea jibu la swali lake kwa simu.

Hatari ya kundi la simu ni kwamba pengo hilo halionekani. Kijana wa Kidato cha Pili aliyekosa bando wiki mbili hunyamaza. Na asiyejibu kwa sababu hakuelewa naye hunyamaza. Kwa mwalimu wote wawili wanafanana na mvivu. Matokeo ya upimaji wa taifa yanapotoka, huwa tumechelewa.

4. Utaratibu tunaoupendekeza

Kwanza, tumjue mwanafunzi kabla ya kuchagua chombo. Tuulize: simu ni ya nani nyumbani, inapatikana saa ngapi, ni simu janja au kitochi? Kama ni ya mzazi anayeshinda sokoni, somo la saa nne asubuhi halitamfikia mtoto.

Pili, somo liwe jepesi kubeba. Video ya dakika kumi hula makumi ya megabaiti. Sauti ya dakika tano kwa kawaida haizidi megabaiti chache. Tuweke hoja moja katika sauti moja, na ukurasa mmoja wa maandishi ambao asiye na simu janja anaweza kuunakili kwa mwenzake.

Tatu, kila somo liwe na kazi na jibu. Kazi iwe ndogo, itokane na mazingira: kukadiria mavuno ya ndizi za kihamba kwa mwezi, au kueleza Injili ya Jumapili kwa sentensi tatu. Mwalimu apange siku ya kujibu na aishike. Mwanafunzi asiyejibiwa mara mbili hatauliza mara ya tatu.

Nne, tuunde vikundi vya watu watano au sita wanaoishi jirani, kila kimoja na kiongozi. Kwa makatekista na watu wazima tuna msingi tayari: jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa Nairobi mwaka huo huo wa 1973. Kiongozi ndiye atakayegundua kwamba fulani amenyamaza, na ataweza kwenda kubisha hodi kwake.

Tano, tuhesabu walioweza, tusihesabu waliopokea. Alama mbili za buluu huonyesha kwamba ujumbe umefunguliwa, basi.

Maswali ya kujadili

1. Katika kundi lako la masomo, ni nani hajaandika chochote mwezi huu? Unajua sababu?
2. Chukua somo moja ulilotuma karibuni. Lilimtaka mwanafunzi afanye nini?
3. Mtandao ukikatika kwa wiki nzima, ni sehemu gani ya mafundisho yako itaendelea?