NAMNA YA KUWEKA TAYARI DARUBINI YA KOMPYUTA



Tangu klabu yetu ya sayansi ipate darubini ya kompyuta, wengi wananiuliza: "Kapita, sababu gani munahangaika pale uwanjani, na mashine inajua nyota zote yenyewe?" Ulizo ni zuri. Somo la leo ni jibu lake.

Darubini yetu ni NexStar 5SE ya Celestron. Ndani ya telekomandi yake mna orodha ya vitu vya mbinguni zaidi ya 40.000. Ni kweli. Lakini haina macho. Ukiiwasha, haijui kama iko Bukavu ao Paris, wala imeelekea wapi. Ni kama mgeni mwenye ramani nzuri ya muji, lakini ameshushwa njiani macho yamefungwa. Ramani haimsaidii mpaka mtu amwambie: "Wewe uko hapa, na soko iko pale." Sisi ndio wa kumwambia. Tukimwambia uongo, atatembea na uongo ule usiku muzima.

Tena mjue, taa za bweni zinazimwa saa 21h30. Tukipoteza saa moja kwa kutayarisha, wadogo wa mwaka wa kwanza watakwenda kulala bila kuona kitu. Kwa hiyo kila mkubwa wa klabu ashike hatua hizi kwa kichwa.

1. KAZI YA MCHANA

Weka miguu mitatu mahali pagumu, si kwenye majani laini. Pima kwa nivo, kama vile waashi wanavyofanya. Kisha tazama kitu cha mbali, mfano ncha ya nguzo ngambo ya bonde. Kilete katikati ya darubini, halafu rekebisha kilengeo kidogo mpaka alama yake nyekundu ikae juu ya ncha ile ile. Kazi hii ikifanywa usiku inakula wakati mingi.

Angalia sana: USIELEKEZE DARUBINI KWENYE JUA HATA MARA MOJA. Inakusanya mwanga, na jicho linaungua mbele ya mtu kusikia maumivu. Kompyuta haitakuzuia. Mchana, mkubwa mmoja asimame karibu nayo saa zote, na kifuniko kirudishwe mara moja kazi ikiisha.

2. MOTO WA UMEME

Mashine inakubali batri 8 ndogo, lakini mota zinazimaliza upesi. Heri batri ya volti 12 iliyojazwa kwa paneli ya jua. Kwenye kichwa cha waya, upande wa + ni katikati. Hakikisha mbele ya kuchomeka. Na umeme ukikatika hata kidogo, kompyuta inasahau mahali inapoelekea, na sisi tunaanza upya.

3. SAA, TAREHE NA PAHALI

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, ijapo ni hesabu ya kawaida tu. Dunia inazunguka digri 360 kwa saa 24, ni kusema digri 15 kwa saa moja. Ku kioo cha jicho cha milimita 25, darubini yetu inakuza mara 50 (1.250 ÷ 25), na tunaona kipande cha mbingu cha digri 1 hivi, upana wa Miezi miwili. Sasa pimeni wenyewe:

a) Mashariki ya Kongo iko saa 2 mbele ya saa ya dunia, Kinshasa iko saa 1 tu. Ukiandika ya Kinshasa, kosa ni digri 15.

b) Bukavu iko karibu digri 2,5 kusini na 28,9 mashariki. Ukiacha "kaskazini" pahali pa "kusini", kosa ni digri 5. Ukiacha "magaribi" pahali pa "mashariki", kosa ni 28,9 × 2, karibu digri 58!

c) Tarehe inaandikwa kwa desturi ya Marekani: mwezi kwanza, siku nyuma.

d) Chagua saa ya kawaida, si saa ya kiangazi. Kongo haibadilishi saa.

4. NYOTA MBILI

Vitabu vingine vinafundisha kuanza na nyota ya kaskazini. Hiyo ni kwa watu wa kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, nyota ile iko kwenye upeo wa macho, nyuma ya vilima. Sisi tunachukua nyota mbili zenye mwanga, zilizo mbali moja na ingine. Usichukue ile iliyo juu kabisa ya kichwa, kwa maana pale mashine inaelekea kwa shida.

Mwezi wa 6, karibu saa 20h00, chukua Arcturus, ya rangi ya machungwa, juu upande wa kaskazini. Na Antares, nyekundu, upande wa mashariki ukielekea kusini. Spica iko karibu na utosi, uiache. Leta nyota katikati ya kilengeo, halafu katikati ya kioo. Mara ya mwisho finya mshale wa juu na wa kuume tu, ili meno ya mota yasibaki na nafasi. Kisha kubali. Fanya vile vile kwa ya pili.

Ni wazi sasa: asiyejua Arcturus kwa macho yake hawezi kuifundisha mashine. Akiipa nyota ingine kwa jina la Arcturus, itaamini. Kwa hiyo jifunzeni nyota kumi kwanza, bila darubini. Hiyo haiombi batri wala feza.

5. KUJARIBU

Agiza NGC 5139, ni kusema Omega Centauri. Kwa macho matupu ni kama nyota yenye ukungu, upande wa kusini. Ndani ya darubini utaona mpira wa mamilioni ya nyota, mbali nasi miaka-nuru karibu 17.000. Mtu wa Paris ao London haioni kamwe akiwa kwao. Haitoki juu ya upeo wake. Kwetu inapanda nusu ya mbingu. Ikiwa imeingia ndani ya kioo, kazi yenu ni sawa. Ikiwa haimo, musipige mashine. Rudieni namba 3.

Kisha wadogo wapite mmoja mmoja, mikono nyuma. Mtu akishika bomba ao akigonga miguu, njia imepotea kwa wote wanaomfuata.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Saa yako imechelewa dakika 20. Kosa ni digri ngapi?
2. Kwa nini hatuchukui Spica mwezi wa 6?
3. Onyesha Antares kwa kidole, usiku wa leo, bila kuuliza mtu.

Atakayejibu yote matatu atasimama nami kwenye telekomandi siku ya posho.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho