SOMO LA AFYA: Lenzi Ngumu za Macho

Kijana wa Mangapwani anayefikicha macho kila siku kwa mwasho asipuuzwe. Kufikicha huko kunaweza kuchangia keratokonasi, ugonjwa unaofanya kioo cha mbele cha jicho kuwa chembamba na kuchongoka. Ukizidi, miwani haitoshi.

Hapo msaada mkubwa ni lenzi ngumu. Za zamani zilizuia hewa. Tangu miaka ya 1970 zipo zinazopitisha oksijeni. Siku hizi duniani zinaenea lenzi pana zinazoegemea weupe wa jicho. Pia vituo vikubwa huimarisha kioo kwa dawa ya matone na mwanga maalumu, ili ugonjwa usiendelee.

Wafadhili wapendwa, lenzi hizi hazigawiwi kama miwani ya kusomea. Kila jicho hupimwa. Huoshwa kwa dawa yake, kamwe si kwa maji ya kisima, ya bomba wala mate: vimelea vya majini vinaweza kupofusha. Basi anayetoa lenzi atoe pia dawa na nauli ya kurudi kliniki.

Maswali kwa kamati:
1. Je, yupo kijana, wa dini yoyote, anayebadilisha miwani kila mara? Apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja.
2. Nani atamfuatilia?